Geuza Jani Kwanza

Mlimau wa uani ukianza kunata na majani yake kufunikwa na weusi, wengi hudhani mti una ugonjwa. Geuza jani. Kando ya mshipa mkuu utawakuta wadudu gamba wamejibana, hawatikisiki, na sisimizi wanapanda na kushuka kuramba utamu wanaoutoa. Weusi ule ni ukungu ulioota juu ya utamu huo.

Dawa yao ni mafuta ya kunyunyizia yaliyochanganywa na maji, kwa kuwa mdudu hapumui kwa mdomo. Ana vitundu vidogo ubavuni, na utando wa mafuta ukiviziba hukosa hewa akafa. Ndivyo wanavyokufa pia vidukari, utitiri na inzi weupe wachanga, hata mayai yao. Lakini asiyeguswa na tone hafi. Watu hunyunyizia upande wa juu wa jani, wadudu wakabaki salama chini, kisha dawa ndiyo inayolaumiwa na mafuta yanaongezwa. Kuongeza huko huunguza mmea, kwa maana jani nalo lina vitundu vyake vya kupitisha hewa.

Kwa lita 1 ya maji, vijiko 2 vya chai vya mafuta ya mwarobaini au alizeti vinatosha, na nusu kijiko cha sabuni ya maji. Changanya kwanza mafuta na sabuni, ndipo uongeze maji kidogo kidogo, ukitikisa bomba mara kwa mara. Mafuta yakielea, usinyunyizie. Sabuni ya unga haifai, na oili chafu ya gari isikaribie bustani kabisa! Mwarobaini una ziada yake: azadiraktini, kemikali inayowazuia wadudu wachanga kujivua ngozi na kukua.

Jaribu majani machache, usubiri siku mbili. Nyunyizia alfajiri au jioni, kamwe si joto likizidi nyuzi 32 wala mti ukiwa na kiu. Kama ulitumia salfa, acha mwezi upite. Rudia baada ya siku 7 hadi 10. Ila kwa kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, usitarajie mengi. Funza wake hula akiwa ndani ya jani, tone lisikomfikia.

Magamba yaliyokufa hubaki yameng'ang'ania, kwa hiyo usihukumu kwa macho tu. Kwangua moja kwa ukucha: likiwa kavu, mdudu amekufa, likitoa majimaji, yu hai, rudia kunyunyizia.