Uzito Unapopanda, Misuli Inaumia Kimya

Ndugu mfanyakazi, lile shati la kazi ulilopewa mwaka jana, vifungo vinafunga bado?

Kwetu mtu akinenepa anapongezwa: mshahara unafika nyumbani, mama anajua kupika. Hatukatai. Lakini tumbo ni sehemu inayoonekana tu. Shida kubwa iko ndani ya misuli, pahali jicho halifiki.

Chukua mfano wa mtu aliyeshika beleshi miaka mingi, kisha akapandishwa kuendesha kamyo la mgodi. Zamu nzima amekaa. Bukari ni ile ile, bia ya jioni ni ile ile. Kila siku kinabaki chakula ambacho mwili haukutumia, nao unakigeuza mafuta. Yakizidi, hayakai chini ya ngozi peke yake: yanapenya katikati ya nyuzi za misuli, hata ndani ya chembe zenyewe.

Ndani ya chembe mna matanuru madogo sana, yaitwayo mitokondria. Yanachoma sukari na mafuta kwa hewa unayovuta, na kukupa nguvu. Wewe unayejua mbabula utafahamu upesi: ukijaza makala hadi juu na upepo haupiti, unapata moshi kuliko moto. Vivyo hivyo mafuta yakirundikana katika msuli usiofanya kazi, yanaacha masalio yanayozuia insulini.

Insulini inatoka katika kongosho. Ndiyo inayoiamuru chembe kufungua mlango ili sukari iingie, na baada ya chakula misuli ndiyo ghala kubwa la sukari hiyo. Mlango ukikwama, sukari inabaki katika damu. Kongosho linaongeza insulini, linaongeza tena, na kwa watu wengi mwisho linachoka. Hapo ugonjwa wa sukari umeingia, na mara nyingi mtu hasikii kitu.

Kutosikia huko ndiyo hatari kazini. Sukari nyingi, miaka na miaka, inaharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Kijiwe kinaingia ndani ya buti, kinakukata zamu nzima, wewe hujui. Kidonda kinakawia kupona. Wako waliokatwa mguu kwa kidonda kilichoanza hivyo.

Lakini msuli unaofanya kazi unafungua mlango wa sukari hata bila insulini, na matanuru yake yanaongezeka. Huko Marekani, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2002 ulifuata watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu na ugonjwa huu. Wale waliofundishwa kupunguza uzito kwa asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa juma waliugua pungufu kwa asilimia 58 kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa mtu wa kilo 90, hizo ni kilo 6 na kidogo. Dakika 150 ni nusu saa, siku tano.

Usianze kwa kukaa na njaa, ukapanda ngazi za mgodi na kizunguzungu. Punguza bonge la bukari, ongeza maharagwe na sombe isiyoogelea katika mawese, acha bia ya pili. (Ya kwanza tutaizungumza siku nyingine.)

Ukitoka zamuni leo, vua buti, uyakung'ute, tazama nyayo zako zote mbili. Na kama una kiu isiyokwisha na unaamka usiku mara nyingi kukojoa, kesho asubuhi usinywe chai: nenda kwanza hospitali wakupime sukari.