Santuri Moja Tu, Nayo Haijazeeka

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika mambo ya muziki, kizuri nacho huweza kukaa kabatini miaka mingi kikingoja mtu wa kukipangusa vumbi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa "Colossal Youth", santuri ndefu ya pekee iliyotolewa na kundi la Young Marble Giants wakati wa uhai wake.

Kundi hili lilizaliwa mwaka 1978 mjini Cardiff, Wales. Cardiff ni mji wa bandari. Enzi za meli za moshi, makaa ya mawe yalipakiwa hapo kwenda pembe zote za dunia, na mabaharia wa Kisomali na wa Kiyemeni wakafanya maskani karibu na gati. Kufikia miaka ya sabini biashara hiyo ilikwisha fifia, na kijana mwenye ndoto za muziki aliiona London iko mbali naye.

Walikuwa watatu. Stuart Moxham alipiga gita na kinanda, na ndiye aliyetunga nyimbo nyingi. Nduguye Philip alishika besi. Na Alison Statton akaimba. Mpiga ngoma hawakuwa naye. Mdundo waliutoa kwenye mashine, wakautia katika kaseti, na kaseti hiyo ndiyo iliyowapigia ngoma jukwaani.

Msomaji akumbuke kwamba mnamo 1976 na 1977 Uingereza ilitikiswa na panki, muziki wa vijana wenye hasira na makelele mengi. Waliofuata nyuma yao walirithi ule ujasiri wa kujifanyia mambo bila kungoja idhini ya wakubwa, kisha kila kundi likatafuta njia yake. Hawa wa Cardiff walichagua kupunguza. Gita lao hukatika upesi kama mtu aliyemaliza neno lake, besi hutembea peke yake, na bibie huimba kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na jirani dirishani. Kati ya sauti moja na nyingine pana ukimya, na ukimya huo nao ni sehemu ya wimbo.

Kampuni ya Rough Trade ya London iliwasikia katika santuri ya mkusanyiko wa makundi ya Cardiff, ikawapa nafasi. Nyimbo 15 zilirekodiwa kwa siku chache tu katika studio moja ya mashambani huko Wales, na santuri ikatoka mwaka 1980. Wajuzi waliisifu, lakini masikio ya wengi yaliipita. Mwishoni mwa mwaka huo walizuru Marekani, na haukupita muda wakatengana.

Hata hivyo santuri iliendelea kupita mkono kwa mkono. Kurt Cobain wa kundi la Nirvana aliiorodhesha miongoni mwa santuri alizozipenda, na mwaka 1994 kundi la Hole likaurudia mmoja wa nyimbo zake. Kampuni ya Domino iliitoa upya mwaka 2007, na mwaka huo huo wenyewe wakapanda jukwaani tena. Mwaka 2020, ilipotimiza miaka 40, ikatolewa kwa mara nyingine pamoja na filamu ya onyesho lao la New York la 1980.

Wapo wasemao kwamba kutoa upya mambo ya kale ni kuuza kumbukumbu tu. Si uongo mtupu, kwani biashara ni biashara. Lakini hapa pana faida mbili. Kwanza, watunzi wamesifiwa wakiwa hai, si kaburini. Pili, kijana aliyezaliwa baadaye huipima kazi kwa sikio lake mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Yote hayo yamewezekana kwa sababu kanda zilihifadhiwa. Kilichotupwa hakitolewi upya. Basi mwenye santuri za wazee wake kabatini na azitazame leo, kabla ya unyevu wa bahari kuzitangulia.