Maana ya "bila kikomo" katika sukari

Mackinnon Road, huku Kwale ya bara, ni kituo ambacho msafiri wa Mombasa na Nairobi hukijua kwa msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali. Jina lenyewe ni la mfanyabiashara: Sir William Mackinnon, Mskoti aliyeongoza Imperial British East Africa Company, kampuni iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Hapa biashara na maandishi vina udugu wa zamani.

Juzi nilikuwa nikinywa chai hapo, malori yakipita kutoka bandarini. Kando yangu aliketi mzee wa Kidigo aliyewahi kulima miwa upande wa Msambweni. Alipojua kwamba mimi ni mwalimu wa lugha, alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne: mkataba wake wa zamani na kampuni ambayo sitaitaja.

"Mwanangu," akasema, "nilitia kidole gumba hapa. Nisomee nijue nilikubali nini."

Ulikuwa wa Kiingereza. Ulisema miwa itavunwa "wakati ufaao". Ufaao kwa nani? Haukusema. Miwa yake ilikauka shambani ikingoja lori.

Msomaji usidhani kwamba mtego huu huwanasa wasiojua kusoma peke yao. Mwaka 1975, katika Mkataba wa Lomé, Jumuiya ya Ulaya iliahidi kununua sukari ya nchi kadhaa za Afrika, Karibea na Pasifiki kwa bei ya dhamana, kwa muda usio na kikomo. Mauritius ilipewa tani 487,200, Tanzania 10,000, Kenya na Uganda 5,000 kila moja. Lakini hati hiyo hiyo iliruhusu kila upande kujitoa kwa notisi ya miaka miwili.

Brazil, Australia na Thailand ziliishtaki Ulaya katika Shirika la Biashara Duniani kwa ruzuku ya sukari, na mwaka 2005 zikashinda. Mwaka 2006 Ulaya ikaamua kupunguza bei yake kwa asilimia 36. Mwaka 2007 ikatoa notisi, na mwaka 2009 ahadi "isiyo na kikomo" ikafikia kikomo. Mwaka 2017 Ulaya ikafuta hata viwango ilivyowawekea wazalishaji wake wa sukari ya viazisukari.

Sasa tutazame kwetu. Mapema miaka ya 2000 Kenya iliomba COMESA kinga "ya muda" dhidi ya sukari ya bei nafuu, ili viwanda vyetu vijirekebishe. Muda huo uliongezwa, ukaongezwa tena, hata ukapita miaka 20. Basi kisicho na kikomo kilidumu miaka 34, na cha muda kikazeeka!

Kinga hiyo haikuja mapema kwa Ramisi, ambako kiwanda cha sukari kilifungwa mwaka 1988 na wakulima wakabaki na mashamba yasiyo na mnunuzi. Miaka ya 2010 kiwanda kipya, KISCOL, kilijengwa Kwale, na kampuni ya Omnicane ya Mauritius ikawa na hisa ndani yake. Ndivyo uamuzi wa Brussels, Lusaka au Port Louis unavyoweza kumfikia mkulima wa Msambweni asiyeitwa mkutanoni.

Sidai kwamba sarufi itapandisha bei ya miwa. Nadai kwamba mkulima hawezi kudai haki asiyoweza kuisoma. Kila mkataba wa miwa na uandikwe pia kwa Kiswahili, usomwe barazani kabla ya kutiwa saini, na badala ya "wakati ufaao" itajwe idadi ya miezi, pamoja na fidia ikipita. Serikali nayo inapoomba kinga ya muda, itueleze mwanzoni ni lini itakwisha na nini kitakuwa kimetengenezwa.

Yule mzee aliikunja karatasi yake upya mara nne, akairudisha mfukoni. "Kumbe haikuandikwa kwa ajili yangu," akasema, akapanda basi la Mombasa.