Ni nani wanaoendesha nyumba za vijana? Somo kutoka Lubumbashi



Tunapozungumza juu ya kujenga amani nchini Kongo, mara nyingi tunataja mikutano ya viongozi, mapatano na kurudisha silaha. Katika makala hii tunapenda kueleza kazi nyingine ya amani, ambayo haina sherehe ya kutia sahihi. Ni kazi ya watu wanaoishi mchana na usiku pamoja na vijana waliofika mjini bila mtu wa kuwapokea. Mfano wetu ni nyumba za Bakanja mjini Lubumbashi, zinazoendeshwa na Wasalesiani wa Don Bosco pamoja na walezi wa Kikongo. Vijana hawa wanatoka wapi? Wanalelewa na nani? Na kwa nini kazi hiyo inahusu amani?

Mji wa watu waliokuja

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, mwaka ule ule reli kutoka kusini ilipofika. Kampuni ya Union Minière ilihitaji mikono ya kuchimba na kuyeyusha shaba. Ikaandika wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi na Kasai. Baada ya reli ya kuelekea Ilebo kukamilika mwaka 1928, watu wa Kasai walizidi kuja. Kiswahili kilikuwa lugha ya mji kwa sababu kila mtu alitoka pengine na alihitaji kusemezana na jirani yake.

Hata hivyo, swali la "Wewe ni wa wapi?" liligeuka kuwa silaha. Mwaka 1992, wakati wa ugomvi wa vyama vya siasa, gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na chama chake cha UFERI waliwachochea watu wa Katanga dhidi ya majirani zao wenye asili ya Kasai, wakiwaita "bilulu", yaani wadudu. Vijana wa chama hicho, waliojulikana kama JUFERI, walitumwa kuchoma nyumba na kuwafukuza watu. Mamia ya maelfu waliondolewa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi katika miaka ya 1992 na 1993. Wengi walikaa muda mrefu kwenye stesheni za gari la moshi wakisubiri usafiri, na wengine walifia hapo hapo au njiani. Wengi wa waliofukuzwa walikuwa wamezaliwa Katanga, na Kasai hawakuijua.

Tangu wakati huo wahamaji hawakukoma. Mwaka 2005 na 2006 watu walikimbia vita kaskazini mwa Katanga, katika eneo la Mitwaba, Manono na Pweto lililoitwa pembetatu ya kifo. Kuanzia Agosti 2016 vita vya Kamuina Nsapu huko Kasai viliwaondoa makwao watu zaidi ya milioni 1, na baadhi yao walielekea Katanga, ambako wengi walikuwa na ndugu.

Mtoto anafikaje mtaani?

Mtoto hafiki mtaani kwa siku moja. Kwanza kuna umaskini. Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière, ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, lakini kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilibaki na sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Mishahara ilikatika, na baba aliyekuwa analisha ukoo mzima akashindwa kulisha nyumba yake.

Sasa fikiria kijana wa miaka 11 anayefika kwa gari la moshi au kwa lori la mizigo akitafuta nyumba ya mjomba. Mjomba hana kazi, na nyumba ina watu wengi. Mtoto akiugua, au mwenye nyumba akipatwa na msiba, hutafutwa wa kulaumiwa. Mara nyingi anayelaumiwa ni mgeni: ataambiwa ni mulozi, amekuja na uchawi. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inaweka adhabu kwa kosa hilo. Lakini sheria peke yake haimpi mtoto pa kulala. Anaishia sokoni, anabeba mizigo, analala chini ya meza za wauzaji, na watu wanamwita shege.

Huko mtaani hakai peke yake. Anaingia kikundi. Kikundi kinampa chakula, jina na watu wa kumtetea. Hapa ndipo jambo hili linapogusa amani. Mwenye kutafuta vijana wa kurusha mawe au kushika panga anajua wapi pa kuwapata, na anajua cha kuwaahidi: chakula, jina, udugu. JUFERI ilijazwa vijana, na katika kundi la Kamuina Nsapu watoto walikuwa wengi. Kwa hiyo mlezi na mkuu wa wanamgambo wanashindania kijana mmoja, na wanampa karibu vitu vile vile. Tofauti ni kile wanachomdai baadaye.

Nyumba za Bakanja

Wasalesiani walifika Elisabethville mwaka 1911. Nyumba zao za watoto wa mitaani zina jina la Isidore Bakanja, na jina hilo linafaa sana. Bakanja alikuwa kijana wa kabila la Wamongo, aliyetoka kijijini kwenda kutafuta kazi ya ujenzi na baadaye kazi ya nyumbani kwenye shamba la wazungu. Mwaka 1909 alipigwa vibaya kwa sababu ya imani yake, akafa mwezi wa Agosti mwaka ule ule, akiwa amemsamehe aliyempiga. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri mwaka 1994. Yeye naye alikuwa mhamiaji kijana asiye na mtu wa kumtetea.

Kazi imepangwa kwa hatua. Hatua ya kwanza ni Bakanja Ville, nyumba iliyo wazi katikati ya mji, ambapo mtoto anaweza kuoga, kula, kucheza na kulala bila kulazimishwa kubaki. Anayekubali kuacha mtaa huenda Bakanja Centre, ambako anaishi na kusoma shule ya msingi. Wakubwa zaidi huenda nyumba ya Magone. Nyumba ya Jacaranda ni ya kilimo. Wanaotaka ufundi wana shule ya Cité des Jeunes.

Walezi na kazi zao

Mgeni akitembelea nyumba ya namna hii, huonyeshwa vitanda na madarasa. Sisi tunaomba aangalie watu. Katika kila nyumba inayofanya kazi vizuri utakuta watu wa aina nne.

Wa kwanza ni yule anayewafuata vijana mtaani. Hana haraka. Huenda kwao usiku, anasalimia, anafunga kidonda, anarudi kesho. Kijana aliyedanganywa mara nyingi haamini ahadi, ila anaamini mtu anayerudi.

Wa pili ni yule anayeishi nyumbani pamoja nao. Huko Lubumbashi mkubwa wako huitwa yaya. Neno hilo halina maana ya mtumishi wa kulea watoto, kama linavyosikika pwani. Ni ndugu mkubwa. Yaya ndiye anayeamsha, anayegawa sabuni, anayeamua ugomvi wa blanketi na anayejua nani hakula bukari yake jana. Katika chumba kimoja wanalala Mluba wa Kasai, Mluba wa Katanga, Mbemba na Mlunda. Zamu ya kuchota maji na kufagia haifuati kabila. Hilo ndilo somo la amani, na hufundishwa kwa ndoo na ufagio kabla ya kufundishwa kwa maneno.

Wa tatu ni mwalimu na fundi. Kijana anayejua kuunga chuma au kutengeneza meza ana kitu cha kupoteza, na mwenye kitu cha kupoteza hanunuliwi kwa urahisi.

Wa nne ni mtafutaji wa familia, na kazi yake ndiyo ngumu kuliko zote. Yeye ndiye anayemwuliza kijana "Wewe ni wa wapi?", lakini kwa nia nyingine kabisa. Wengine waliuliza ili kufukuza; yeye anauliza ili kurudisha. Huenda hadi mtaa wa mbali, au hata mkoa mwingine, akaketi na wazazi au wajomba. Asikilize neno la uchawi bila kucheka na bila kulikubali, kisha atafute mtu mmoja katika ukoo aliye tayari kumpokea mtoto. Mara nyingi bibi ndiye anayefungua mlango kwanza. Baada ya hapo lazima arudi kutazama, kwa maana upatanisho wa siku moja huvunjika upesi.

Mifano ya nchi nyingine

Njia hii si ya Lubumbashi tu. Giovanni Bosco mwenyewe alianza Torino, Italia, katika miaka ya 1840, kwa kukusanya vijana waliotoka mashambani kutafuta kazi ya uashi mjini. Mwaka 1846 mama yake, Margherita, aliacha kijiji chake akaja kuwapikia na kuwashonea.

Nchini Rwanda, katika wilaya ya Rwamagana, kijiji cha Agahozo-Shalom kilifunguliwa mwaka 2008 kwa ajili ya yatima, na baadaye kikapokea vijana wengine wenye shida kubwa. Mwanzilishi wake, mwanasheria Anne Heyman, aliyefariki mwaka 2014, alijifunza kutoka kijiji cha Yemin Orde katika mlima Karmeli, Israeli, kilichoanzishwa mwaka 1953 kwa yatima na watoto wahamiaji, na ambacho baadaye kiliwapokea vijana wengi kutoka Ethiopia. Agahozo-Shalom ina nafasi ya vijana wapatao 500. Wanaishi kama familia, na kila nyumba ina mama yake. Miongoni mwa mama wa kwanza walikuwapo wanawake waliopoteza waume na watoto katika mauaji ya kimbari ya 1994. Aliyefiwa alipewa watoto, na waliofiwa walipewa mama.

Mambo ya kukumbuka

Nyumba ya vijana ina hatari zake. Kijana akikaa sana anaweza kusahau maisha ya nje, na familia inaweza kuona ni mahali pa kutupa mzigo. Ndiyo maana lengo liwe kurudi kwa ndugu kila inapowezekana. Tena, nyumba za Bakanja ni za wavulana. Wasichana wa mitaani hawaonekani upesi, kwa sababu wengi hufichwa katika kazi za nyumbani au katika ukahaba, nao wanahitaji walezi wao.

Hatari nyingine ni kuwachosha walezi. Wafadhili hupenda kujenga jengo lenye kibao. Mshahara wa yaya hauna kibao. Lakini yaya akiondoka kila baada ya miezi sita, kijana anaachwa tena, na safari hii anaachwa na wale waliosema hawatamwacha.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa katika kamati, parokia, msikiti au shirika linalotaka kusaidia, uliza maswali matatu kabla ya kutoa pesa. Je, walezi wamekaa hapa kwa miaka mingapi? Nani anaenda kutafuta familia, na ana nauli? Je, zamu na vitanda vinagawanywa bila kuangalia kabila? Ukipata majibu mazuri, saidia watu hao kwanza, na jengo lifuate.