Mikono Miwili, Karatasi Moja

Mume na mke wanapewa karatasi moja kubwa na chaki za rangi. Masharti ni mawili: wachore picha moja kwa pamoja, na wasizungumze. Hawaruhusiwi hata kupatana nani aanze. Mtaalamu anakaa pembeni, anatazama.

Zoezi hili ni moja kati ya matatu yaliyoelezwa mwaka 1972 na Harriet Wadeson, mtaalamu wa tiba ya sanaa aliyefanya kazi na wanandoa katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, huko Bethesda. Katika taasisi hiyohiyo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, mchongaji mzaliwa wa Poland, Hanna Kwiatkowska, alikuwa akiwachoresha wagonjwa pamoja na jamaa zao. Hapo awali tiba hii ilimhusu zaidi mgonjwa peke yake na picha yake.

Ufundi wa kuchora hauhitajiki, na mtaalamu hajali uzuri wa picha. Anafuatilia mikono. Nani amegusa karatasi kwanza? Nani amejibanza kwenye kona? Nani amepaka rangi juu ya kazi ya mwenzake? Tuseme mke amechora mti. Mume anaweza kuutia matunda, anaweza kuuzungushia ua, anaweza pia kuupa kisogo na kuchora gari lake upande wa pili. Lolote atakalofanya ni jibu. Tena jibu hilo linabaki karatasini, wote wawili wakiliona. Katika ugomvi mtu husema “mimi sikusema hivyo” na ushahidi ukaishia hapo. Mstari wa chaki haukanushiki.

Kwa nini wanyamazishwe watu ambao tatizo lao ni kutoelewana? Mwanasaikolojia John Gottman, aliyewapima wanandoa wakibishana katika maabara yake huko Seattle, anaeleza kwamba mapigo ya moyo yakipita 100 kwa dakika mtu hushindwa kumsikiliza mwenzake sawasawa. Mwili umeshajiandaa kupigana au kukimbia, na maneno, hata yawe mazuri kiasi gani, hayaingii. Waliooana miaka mingi, kwa maoni yangu, wana mzigo mwingine juu ya huo: kila mmoja anajua sentensi ya tatu ya mwenzake kabla ya ile ya kwanza kwisha. Mkono ulioshika chaki haujawahi kushiriki mabishano hayo, hivyo unaweza kufanya jambo ambalo hata mwenyewe hakulitarajia.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, waligusa upande wa homoni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, jozi 20 za wenzi ziligawanywa: baadhi walicheza michezo ya mezani, wengine wakahudhuria darasa la uchoraji. Mkojo wao ulipimwa kabla na baada. Oksitosini, homoni inayohusishwa na ukaribu, ilipanda katika makundi yote mawili, na waliotoa nyingi zaidi ni wanaume waliokuwa wakichora. Idadi hiyo ni ndogo, na lile lilikuwa darasa, wala si tiba.

Kwa mtaalamu anayetazama michoro, hatari kubwa ni kujifanya mtabiri. Mwaka 1967 Loren na Jean Chapman waliwaonyesha wanafunzi michoro ya watu iliyoambatanishwa kiholela na dalili za wagonjwa. Hakukuwa na uhusiano wowote, lakini wanafunzi waliapa kuuona: macho yasiyo ya kawaida, wakasema, ni ya mtu mwenye kushuku watu. Wataalamu wenye uzoefu walikuwa na imani hizohizo. Basi mtaalamu anayeona rangi nyeusi na kutangaza kwamba ndoa inakufa hastahili ada yake. Anayefaa huwauliza wenyewe: hapa ulipoacha nafasi, ulikuwa unamngoja nani?

Zoezi la Wadeson ninaloliona zito kuliko yote ni la picha ya nafsi. Kila mmoja anajichora mzima, kisha anamkabidhi mwenzi picha hiyo aifanyie apendavyo. Umesimama, unamtazama mtu unayelala naye kitanda kimoja akikutazama wewe wa karatasi, chaki mkononi. Anaweza kukuvisha, kukufuta mdomo, kukuchorea mtu wa kusimama naye, au asithubutu kukugusa. Mazungumzo yanayofuata yanaweza kuanza na swali fupi: “Kwa nini hukuongeza kitu?”

Ndiyo maana zoezi hili halimfai kila mtu. Pale ambapo mmoja anamwogopa mwenzake kwa kupigwa au kutishwa, picha ya ukweli chumbani inaweza kulipiwa nyumbani usiku huohuo. Kwa hiyo mtaalamu makini huanza kwa kuzungumza na kila mmoja faraghani, na akigundua hofu ya namna hiyo, hawaweki mbele ya karatasi moja.