Moto wa Freni na Hesabu ya Ordinateri

Kamio yenye muzigo inatoka Bukavu, inateremuka mpaka Uvira. Ziwa Kivu liko metre 1460 juu ya bahari. Ziwa Tanganyika, karibu metre 773. Basi kamio inashuka metre 690 hivi. Kama uzito wake wote ni tani 20, na nguvu yote ya kushuka ikageuka moto, moto huo ungetosha kuchemsha litre 400 za maji ya digre 20. Tujiulize: moto huo unakwenda wapi?

Shofere akishika vitesi ndogo, motere inazuia sehemu moja ya nguvu ile. Upepo nao unachukua sehemu yake. Inayobaki inaingia katika freni. Ngoma ya chuma ikipata moto mwingi inapanuka na kuachana na viatu vya freni. Viatu navyo vinapoteza nguvu ya kushika. Shofere anakanyaga, lakini kamio haisimami.

Zamani mafundi walitengeneza ngoma, wakaijaribu barabarani, kisha wakaanza tena. Leo wanatanguliza hesabu. Ordinateri inagawanya chuma, pamoja na hewa inayokizunguka, katika vipande vidogo sana, pengine milioni kadhaa. Kwa kila kipande inahesabu: moto gani umeingia? Gani umetoka? Hewa inapita kwa mwendo gani? Kanuni zenyewe ni za zamani. Joseph Fourier, Mufaransa, alitangaza kanuni ya moto unaopita katika vitu mwaka 1822. Kanuni za mwendo wa hewa zina majina ya Navier na Stokes. Kilicho kipya ni wepesi wa kuhesabu. Hivi fundi anaweza kupanua matundu ya gurudumu na kuona kama hewa inafika kwa ngoma, pasipo kuhatarisha mutu.

Lakini tusidanganyike. Ordinateri haigusi chuma. Inafuata yale iliyoambiwa. Tukiiambia kwamba upepo ni mwingi, na sivyo, itatujibu vizuri juu ya freni isiyokuwa duniani. Kwa hiyo inapashwa kupima moto wa freni ya kweli na kulinganisha. Vipimo na hesabu visipopatana, chuma ndicho kinachosema kweli, hesabu itengenezwe.

Kwa shofere shauri ni lile lile: ashike vitesi ndogo mbele ya kuteremuka, asingoje katikati ya mulima.