Mnataka fedha za serikali kujenga nyumba Babati? Pigeni hodi mlango sahihi

Maporomoko ya tope yalipoikumba Katesh, wilayani Hanang, Desemba 3, 2023, waliopoteza makazi walijengewa nyumba zaidi ya 100 eneo la Waret. Ukitoka Babati ukaziona, swali linakuja lenyewe: na sisi tuombe wapi?

Jibu fupi: hakuna fomu moja ya "naomba nyumba" ukaijaza, ukasubiri funguo. Waret ilikuwa dharura, serikali na wadau walijenga kwa sababu ya maafa. Siku za kawaida, fedha za serikali zinazoweza kuingia kwenye nyumba zipo, ila zinakuja kwa majina mengine: bajeti ya halmashauri, Mfuko wa Jimbo, TASAF, na mikopo ya asilimia 10.

Kila mlango una kazi yake. Ombi zuri likipelekwa mlango usio wake linakufa kimya kimya. Na wakati linakufa, boma mlilochangishana linanyeshewa na masika.

Anza hapa: nyumba ni ya nani?

Kabla hamjaandika barua, jibuni swali hili moja.

Kama ni nyumba ya mwalimu, mganga au muuguzi, hiyo ni mali ya umma. Inaingia kwenye bajeti ya halmashauri, Mfuko wa Jimbo au TASAF.

Kama ni kikundi kinachotaka kujiinua, mlango wenu ni mkopo wa asilimia 10. Lakini huo ni mkopo wa biashara, si wa kujengea nyumba ya kulala.

Kama ni nyumba yako mwenyewe, usisubiri halmashauri ikujengee. Nenda benki, NHC au ushirika. Tutafika huko.

Nyumba ya mwalimu au muuguzi

Hii ndiyo njia iliyozoeleka. Wananchi wanachanga tofali, mchanga, kokoto na nguvu kazi, wanapandisha boma mpaka kwenye lenta, halafu halmashauri inamalizia: kenchi, mabati, milango, plasta.

Tatizo ni kwamba watu wengi wanaanza na msingi, karatasi baadaye. Geuzeni. Karatasi kwanza.

1. Wazo lipite kwenye mkutano mkuu wa mtaa, au wa kijiji kwa kata zenye vijiji. Muhtasari uandikwe, na orodha ya mahudhurio isainiwe. Bila muhtasari, ombi lenu ni la watu wachache tu.

2. Mtendaji alipeleke kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Diwani ndiye mwenyekiti wa kamati hiyo, na ndiye atakayelisemea kwenye Baraza la Madiwani. Kama diwani halijui ombi lenu, nani atalisema?

3. Mhandisi wa halmashauri aje aone eneo kabla hamjachimba. Serikali ina ramani zake za nyumba za watumishi. Mkijenga kwa ramani ya fundi wa mtaani, mnaweza kuambiwa vyumba ni vidogo au msingi hautoshi, na hapo hakuna wa kumlaumu.

4. Pateni mchanganuo wa gharama. Uoneshe kila kitu: nguvu ya wananchi imefikia thamani gani, na serikali inaombwa nini. "Tunaomba msaada wa kumalizia" haitoshi. "Tunaomba mabati kadhaa ya geji hii, mbao hizi na saruji mifuko hii" ndiyo lugha inayosomeka.

Muda nao ni sehemu ya ombi. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na Bunge linapitisha bajeti kati ya Aprili na Juni. Maana yake halmashauri inakuwa imeshapanga ya kwake miezi mingi kabla. Mtaa unaoamka Mei kuomba fedha za Julai umechelewa. Ongeeni mapema, Septemba au Oktoba, wakati mipango bado iko mezani.

Mfuko wa Jimbo

Jina lake kamili ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, na upo kwa sheria ya mwaka 2009. Wengi wanaudhani ni pesa ya mfukoni mwa mbunge. Siyo. Ni fedha ya serikali. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati, na afisa mipango wa halmashauri ndiye katibu. Kwa hiyo ombi lenu lifike ofisini kwa maandishi, lisiishie kwenye mkutano wa hadhara kwa kupiga makofi.

Mfuko huu si mkubwa wa kujenga nyumba kuanzia msingi. Nguvu yake iko kwenye kuchochea, kama jina linavyosema: mabati ya boma moja, saruji ya sakafu, milango. Ndiyo maana boma lililofika lenta lina nafasi nzuri kuliko wazo lililo kichwani.

TASAF

TASAF inajulikana zaidi kwa ruzuku ya kaya maskini. Ile ruzuku si ya nyumba, ingawa kuna kaya zinazojibana na kununua bati moja moja mpaka nyasi zinaondoka juu ya paa. Huo ni uamuzi wa kaya yenyewe.

Ila TASAF pia hugharamia miradi ya jamii, zikiwemo nyumba za watumishi wa shule na zahanati. Mradi unaibuliwa na wananchi wenyewe mkutanoni, na mara nyingi jamii inatakiwa kuchangia. Mratibu wa TASAF yupo halmashauri. Muulizeni mapema kama eneo lenu limo kwenye mpango kabla hamjachangisha mtu hata shilingi.

Mkopo wa asilimia 10

Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, na 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudi 2024. Halmashauri 10 zilichaguliwa kuanza kuitoa kupitia benki, na jirani zetu wa Mji wa Mbulu walikuwa miongoni mwao.

Sasa hapa ndipo vikundi vingi vinakwama. Kikundi kinaandika: "Tunaomba mkopo tujengeane nyumba." Ombi linarudi. Kwa nini? Kwa sababu mkopo lazima urejeshwe, na nyumba ya kulala haizalishi hela ya marejesho.

Lakini kikundi hicho hicho kikiandika mradi wa kufyatua tofali za bloku, kutengeneza madirisha na milango, au kufunga kenchi, hapo kuna biashara. Babati inajengwa kila siku. Tofali zinauzwa, mkopo unarudi, na faida mnaweza kuamua kwa katiba yenu kwamba kila mwaka inajenga kwa mwanachama mmoja au wawili. Nyumba inakuja, ila inakuja nyuma ya biashara.

Tena kuna zaidi. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2023 imetenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa kwenye mfumo wa NeST kinaweza kuomba zabuni ya kuuza bidhaa zake kwa miradi ya serikali, hata ile nyumba ya muuguzi mtaani kwenu.

Mtakachohitaji: usajili wa kikundi, katiba, vitambulisho vya NIDA, akaunti ya benki yenye jina la kikundi, muhtasari wa kikao kilichokubali kukopa, na andiko la mradi. Mtu wa kumuona kwanza ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Maombi yanaingizwa kwenye mfumo, na afisa huyo ndiye anayewaongoza. Hamhitaji dalali. Mtu akikwambia "nipe elfu hamsini nikupitishie", ujue unaibiwa.

Na nyumba yangu mwenyewe?

Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, lilijenga nyumba za gharama nafuu Mrara, hapa hapa Babati. Lakini gharama nafuu haina maana ya bure. Ni biashara ya nyumba, hazigawiwi.

Njia ya pili ni benki. Tangu 2010 kuna kampuni ya TMRC inayozikopesha benki fedha za muda mrefu ili nazo ziwakopeshe wananchi wanaonunua au kujenga. Wewe huendi TMRC, unakwenda benki yako unauliza mkopo wa nyumba. Swali la kwanza utakaloulizwa ni hati. Kiwanja kisichopimwa ni kikwazo kikubwa, kwa hiyo fedha ya kupima na kupata hati ni sehemu ya ujenzi wenyewe.

Njia ya tatu ni ushirika. Wakazi walioondolewa Kurasini, Dar es Salaam, kupisha upanuzi wa bandari waliweka akiba kidogo kidogo, wakanunua ekari 30 Chamazi na kuunda ushirika wa nyumba. Hawakusubiri kupewa. Walinunua ardhi pamoja, kisha wakawa na kitu cha kuwaonesha wadau. Mtu mmoja mwenye laki mbili hasikilizwi. Watu hamsini wenye ardhi iliyopimwa wanasikilizwa.

Kabla ya tofali la kwanza

Kosa linaloumiza kuliko yote ni ardhi. Mzee wa mtaa anasema kwa moyo mweupe, "Jengeni hapa, nimetoa." Hakuna aliyeandika. Mzee akifariki, watoto wanakuja na madai yao, na boma liko katikati ya shamba la familia. Halmashauri haiwezi kuweka mabati ya umma kwenye ardhi yenye mgogoro. Jasho la mtaa mzima limepotea.

Kwa hiyo, mtu akitoa ardhi, mshukuruni, kisha andikeni siku hiyo hiyo: mipaka, saini yake, saini ya mwenza wake na watoto wakubwa, mashahidi, na muhuri wa mtendaji. Nakala moja ipelekwe idara ya ardhi.

Halafu wekeni jalada moja: muhtasari, mahudhurio, hati ya ardhi, ramani, mchanganuo, risiti za michango, na picha za kila hatua mlizopiga kwa simu. Kila barua mnayopeleka ofisini, rudini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Viongozi hubadilika, mtendaji huhamishwa, diwani hupoteza kura. Jalada linabaki, na mtendaji mpya akiripoti Jumatatu, mnamuwekea mezani.